Bila rula, bila bikari, bila futi: mnafanyaje mpaka kitu kinanyooka?

Kalamu_Butu

Wakuu habari zenu, naomba mnivumilie swali langu ni refu kidogo. Mimi nachora kwa kujifurahisha tu, na siku hizi nimeingia pia kwenye vikazi vidogo vya mbao, visanduku, rafu za ukutani, fremu za picha, vitu vya aina hiyo. Nikitumia rula, bikari na futi mambo yanaenda vizuri tu sina malalamiko. Kasheshe inaanza nikiviweka pembeni. Mstari mrefu wa mkono mtupu unatoka na mitetemo, na ukiirudisha karatasi mbali kidogo unaona kabisa umepinda, tena cha ajabu unapindia upande uleule kila mara. Duara ndio usiseme, linaanza kwa heshima zote halafu likikaribia kufunga mwanzo na mwisho vinapishana. Kwenye ubao nikikata kwa macho, kwa juu naona niko sawa, nikigeuza chini msumeno umeshaenda zake.

Sasa kuna mafundi unawaona kabisa, mtu anashika ubao, anaufinyia jicho moja, anabana penseli vidoleni anavuta mstari, anakata, kipande kinaingia mahali pake hata hakigongwi sana. Na wachoraji nao, anatupa mstari mmoja tu na umenyooka. Ninachouliza, hiki ni kipaji ambacho mtu anazaliwa nacho au kuna namna? Na kama kuna namna wanaangalia nini hasa? Naomba msiniambie "fanya mazoezi" mkaishia hapo, nataka kujua ndani ya hayo mazoezi mtu anakuwa anafanya nini.

Mzee_wa_Futi

Kwani rula imekukosea nini mkuu 😂 vifaa vimetengenezwa ili tusihangaike, wewe unatafuta kuhangaika kwa makusudi. Pima mara mbili kata mara moja, mchezo umeisha.

Bega_Kwanza

Mzee wa Futi muache mwenzio, kuna kazi rula haifiki. Jaribu kuchora mkunjo wa shingo ya mtu kwa rula tuone.

Mtoa mada, hilo la mstari kupindia upande uleule umeligundua mwenyewe na ndilo jibu lenyewe, hujui tu. Kila kiungo cha mkono kinazunguka, hakiendi mbele na nyuma. Ukichora kwa kifundo cha mkono huku kiganja umekilaza kwenye karatasi, ncha ya penseli haina njia nyingine, lazima izungukie pale kifundo kilipo, kwa hiyo unachora kipande cha duara dogo halafu unashangaa kwanini kimepinda. Ukichora kwa kiwiko duara linakuwa kubwa zaidi, kupinda kunapungua. Ukichora kwa bega, kiwiko kikiwa hewani na kinafunguka pamoja na bega, mkono mzima unasafiri na mstari unanyooka. Ndio maana mistari mirefu inachorwa kwa bega na vitu vidogo kama kope za macho na herufi ndogo vinaachiwa vidole. Ukianza, bega litakuchosha na mistari itakuwa mibaya kuliko ya zamani, hiyo ni kawaida kwa sababu misuli hiyo haijawahi kuombwa kazi ya namna hii, usirudi nyuma.

Halafu mitetemo. Kila mkono unatetemeka, hata wa mtu mzima wa afya aliyelala vizuri, kama mara 8 mpaka 12 kwa sekunde. Ni mtetemo mdogo sana huuoni, lakini ukichora polepole kwa kujihurumia, kila mtetemo unapata nafasi ya kujiandika kwenye karatasi. Ukiongeza kasi penseli inakuwa imeshapita mbali kati ya mtetemo mmoja na mwingine, hauonekani. Sisemi ukimbie, nasema mwendo wa kujiamini. Watu wengi wanadhani polepole ndio uangalifu, kwenye mstari ni kinyume.

Ninavyofanya mimi ni hivi: naweka nukta mbili, pa kuanzia na pa kuishia. Napitisha penseli hewani juu ya karatasi bila kugusa, naenda na kurudi mpaka mkono uizoee njia. Halafu nashusha ncha na navuta mara moja bila kusita. Na macho, sikia hii, macho hayafuati ncha ya penseli, yanatazama nukta ya mwisho. Ukifuata ncha utakuwa unasahihisha kila hatua, na kila sahihisho ni kona ndogo. Mstari ukienda pembeni uache, chora mwingine, usiokoteze okoteze mstari kwa vipande vipande vyenye manyoya.

Kingine cha bure kabisa: geuza karatasi. Mkono wako una upande mmoja unaoupenda, kwa anayetumia mkono wa kulia mara nyingi ni kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kwa sababu ndiyo njia ambayo kigasha kinafagia chenyewe kikizungukia kiwiko. Kila mstari unaokusumbua ugeuzie upande huo. Nashangaa watu wanaojikunja mgongo na shingo wakati karatasi haijapigiliwa misumari.

Randa_Kavu

Bega Kwanza kamaliza upande wa karatasi, mimi niingie kwenye mbao maana hapo ndipo nashinda.

Kwanza tuelewane. Huyo fundi unayemuona "hapimi" anapima sana, isipokuwa hapimi kwa namba. Anapimisha kitu na kitu. Jicho la mtu ukiliuliza huu ubao una sentimita ngapi litakudanganya vibaya, lakini ukiliwekea vitu viwili sambamba ukaliuliza kipi kimezidi, linakamata tofauti ndogo sana hadi unashangaa. Mistari miwili inayotakiwa kuwa kwenye njia moja, mmoja ukiteleza hata unene wa unywele unauona. Kwa hiyo kazi yote ya kutengeneza bila futi ni kujipanga ili kila swali unalolipa jicho liwe la kulinganisha, usilipe swali la kiasi gani.

Mfano wa karibu. Unakata ubao kwa msumeno wa mkono na unataka mkato uliosimama wima. Kama bapa la msumeno ni safi na linang'aa, litazame. Utaona ukingo wa ubao umeakisiwa ndani ya bapa. Ukingo wenyewe na taswira yake vikiwa mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba msumeno haupo hapo, basi umekaa pembe mraba. Taswira ikivunjika ikapinda, msumeno umelala. Ukitaka nyuzi 45 unageuza mpaka ukingo na taswira yake vitengeneze kona ya mraba. Hakuna skwea hapo, hakuna namba, na jicho linafanya kazi ile ile ya kutazama kama vitu viwili vimekutana. Misumeno yenye kutu au rangi haikusaidii, ing'arishe.

Kuhusu kukata kwenda nje kwa chini, mara nyingi ni kwamba unatazama mstari wa juu tu. Chora mstari upite pande mbili, juu na ubavuni unaokukabili, anza kukata kwenye kona inayounganisha hiyo miwili, kipindi hiki ushuke na mmoja kipindi kingine ushuke na mwingine. Mkato ulioanza vizuri unauongoza msumeno wenyewe. Na usiukabe mpini, ushike kwa ulegevu, kidole cha shahada kielekeze mbele ubavuni mwa mpini. Ukiubana, kifundo kinaanza kukunja na msumeno unafuata, ndio ule ugonjwa alioueleza Bega Kwanza umehamia kwenye mbao.

Ile ya penseli vidoleni ni hivi: unashika penseli kwa dole gumba na kidole cha shahada, kucha ya kidole cha kati unaiegemeza kwenye ukingo wa ubao, halafu unavuta mkono wote pamoja bila kubadilisha mshiko. Kidole kinateleza kwenye ukingo, penseli inabaki umbali ule ule, unapata mstari sambamba na ukingo ubao mzima. Angalia tu kwanza kama ukingo hauna vibanzi, kibanzi kikiingia chini ya ukucha utanikumbuka 😅

Na urefu usiupime kabisa, uhamishe. Rafu inatakiwa kuingia kati ya kuta mbili za kabati? Chukua fito mbili nyembamba, zipishanishe mpaka kila moja iguse ukuta wake, zibane pamoja, hamishia kwenye ubao, weka alama kwa kisu siyo kwa penseli. Ukisoma futi unasoma namba, unaikumbuka au unaisahau, unaiandika tena kwenye ubao, hapo pote kosa linapata mlango. Fito haina cha kusahau. Vivyo hivyo kwenye viungo: kata kipande cha kwanza, kiweke juu ya cha pili, chora kwa kukifuata. Hata kama cha kwanza hakikutoka sawasawa na ulivyotaka, cha pili kitakifuata na vitaingiana.

Kalamu_Butu

Aisee hiyo ya kioo cha msumeno nimeenda kuijaribu sasa hivi na kweli kabisa, nilikuwa naitazama taswira kila siku bila kujua ina kazi. Asanteni sana wakuu.

Swali dogo, kugawanya je? Nusu naweza, lakini nikitaka sehemu tatu au tano kwa macho sipati, moja inatoka nono nyingine imekonda. Na nitajuaje kama kisanduku kimekaa mraba bila skwea?

Randa_Kavu

Kisanduku: chukua fito tena, iweke kona kwa kona kwa mshazari, weka alama, geuza kwenye mshazari wa pili. Mishazari ikilingana, na pande zinazotazamana zinalingana, ni mraba tayari au mstatili uliokaa sawa. Isipolingana, kamua kwenye ule mshazari mrefu kabla gundi haijakauka.

Kugawanya namuachia anayeandika mabango maana hao ndio kazi yao.

Rangi_na_Brashi

Nimeitwa 🙋🏾‍♀️

Dada yenu naandika herufi kwa brashi, na huko mambo ya kugawanya ndio mkate wetu. Sehemu tatu: usiweke alama moja ukasubiri nyingine. Weka mbili kwa pamoja, nyepesi, halafu tazama zile nafasi tatu kama watu waliosimama foleni, uliza nani ameminywa. Sogeza. Ukianza na theluthi ya kwanza peke yake umelirudisha jicho kwenye swali la kiasi, alilolikataa Randa Kavu hapo juu, na halitaweza. Tano: gawanya kwanza sehemu mbili zisizolingana, moja iwe ya mbili na nyingine ya tatu, yaani alama moja iliyopita nusu kidogo, kisha ile ndogo ikate nusu na ile kubwa ikate tatu. Kama nafasi ni kubwa na unaogopa, chukua ukanda wa karatasi wenye urefu huo huo ukunje, karatasi haina hasira.

Lakini nataka niongeze kitu ambacho hakijaguswa. Jicho mnalolisifu hapo juu ni zuri ila lina upendeleo, na lazima uujue upendeleo wake. Mwambie mtu achore mraba kwa macho, mara nyingi utakuta mpana kuliko ulivyo mrefu. Ni kwa sababu mstari wa wima unaonekana mrefu kuliko wa mlalo hata vikiwa sawa, kwa hiyo mkono unasimama mapema kabla urefu haujatimia. Na ukimwambia aweke alama katikati ya mstari wa wima ataiweka juu kidogo ya katikati halisi, kwa jicho lake hapo ndio katikati.

Mnataka ushahidi, chukueni maandishi yoyote yaliyochapwa, tafuteni namba 8 au herufi S kubwa, mgeuze karatasi juu chini. Ghafla kichwa kimekuwa kikubwa na inaonekana itaanguka. Waliochora zile herufi walifanya tumbo la juu dogo kusudi, ili likisomwa lionekane sawa na la chini. Herufi O nayo, iwekee rula, inazidi kidogo juu na chini ya herufi H iliyo jirani yake, kwa sababu ikichorwa kwa urefu ule ule kabisa ingeonekana imesinyaa. Sasa hapo Mzee wa Futi nakuuliza kwa upole, ungepima herufi zako zote zilingane kwa milimita, bango lako lingekuwa sahihi kwenye futi na limekosewa kwenye macho ya kila anayepita barabarani.

Kwa hiyo kwenye vitu vya kutazamwa, mkono bila kipimo una faida yake, unachora moja kwa moja kile kitakachoonekana sawa. Kwenye vitu vya kuingiana, kama droo au kifuniko, upendeleo wa jicho ni adui, hapo fuata fito za Randa Kavu.

Njia ya kujikagua: geuza kazi juu chini, au itazame kwenye kioo, au kama ni karatasi inyanyue kwenye mwanga uitazame kwa nyuma. Jicho likishakaa na kazi muda mrefu linaizoea, kilicholala linakiona kimesimama. Ukigeuza kila kitu kinakuwa kigeni na kombo inajitokeza yenyewe. Mimi kabla sijaosha brashi lazima nikatazame kwa kioo, tena nikiwa mbali.

Mzee_wa_Futi

Hiyo ya 8 nimegeuza gazeti, nimekubali 😂 Lakini sijahama. Ukiwa na vipande kumi na viwili vinavyotakiwa kubadilishana, hivi vya leo na vingine vya mwezi ujao, na vinatengenezwa na watu wawili tofauti, fito yako iko wapi? Hapo namba ndiyo inayosafiri kwenye simu, fito haisafiri.

Randa_Kavu

Hapo una hoja kabisa mkuu, sikubishii. Kitu kikitakiwa kukutana na kingine ambacho hakipo mbele yako, pima. Ninachokataa ni mtu kutoa futi ili ajue kama ubao umenyooka wakati ana jicho. Finya jicho moja, utazame ubao kwa urefu wake kuanzia mwisho uliokukabili, kibyongo cho chote utakiona. Kujua kama umejinyonga, laza fito mbili zilizonyooka, moja huku moja kule, tazama juu ya moja uone nyingine: zikikaa sambamba, ubao uko sawa; moja ikinyanyua bega, ubao umejinyonga. Na hiyo rula yako mwenyewe unaijuaje kama imenyooka? Chora mstari nayo, igeuze upande, chora tena kupitia nukta zile zile mbili. Ikiacha nafasi katikati ya mistari, nafasi hiyo ni kosa mara mbili. Rula nazo zinakaguliwa kwa macho mwisho wa siku.

Bega_Kwanza

Duara halijajibiwa, ngoja nimalizie.

Duara dogo: egemeza kidole kidogo au kile kifundo cha pembeni ya kiganja kwenye karatasi kama mhimili, shika penseli isitikisike, halafu usizungushe mkono, zungusha karatasi kwa mkono wa pili. Utashangaa. Duara kubwa: bega, kiwiko hewani, zunguka hewani kwanza mpaka mwendo utulie, halafu shusha ncha ukiwa bado unazunguka, pitia mara mbili bila kusimama. Mwanzo na mwisho havikutani kwa sababu unaanza ukiwa umesimama na unamaliza huku ukitafuta pa kufungia, ukishuka katikati ya mwendo hakuna mwanzo wala mwisho wa kutafuta.

Kuna kisa maarufu cha Giotto, mchoraji wa Italia aliyefariki 1337. Kimesimuliwa na Giorgio Vasari mwaka 1550, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, kwa hiyo chumvi inaweza kuwemo. Anasema mjumbe wa Papa alikuja kuomba sampuli ya kazi yake, Giotto akachukua karatasi na brashi yenye rangi nyekundu akachora duara moja kwa mkono mtupu, basi, akampa. Watu wakisimulia wanaishia kwenye maajabu ya mkono wake. Lakini Vasari anataja jambo ambalo kwangu ndio lenye faida: kwamba alikibana kiwiko ubavuni, akaugeuza mkono kuwa bikari. Yaani hata kwenye kisa cha kipaji kitupu kuna mhimili.

Kalamu_Butu

Daah huu uzi nauhifadhi. Nimejaribu ya kuzungusha karatasi, inafanya kazi. La mwisho wakuu kisha niwaache, mimi natumia mkono wa kushoto, hiyo ya chini kushoto kwenda juu kulia mbona kwangu ni mateso?

Bega_Kwanza

Kwako inageuka, kiwiko chako kiko upande wa pili kwa hiyo kigasha kinafagia kutoka chini kulia kwenda juu kushoto, au kurudi kwa njia hiyo hiyo. Wala hauko peke yako, Leonardo da Vinci alikuwa wa kushoto na mistari yake ya kivuli inalalia upande huo, juu kushoto kushuka chini kulia, hadi leo wanaochunguza michoro wanaitumia kama dalili mojawapo ya kusema huu ni mkono wake au siyo. Weka karatasi imelala kulia badala ya kushoto, taa iwe upande wako wa kulia ili kivuli cha mkono kisiangukie unapochora, na anzia kazi upande wa kulia wa ukurasa kama unatumia mkaa au wino, la sivyo kiganja kitafuta kila unachokichora.

Rangi_na_Brashi

Na ukifika kwenye brashi fimbo ya kuegemezea ishike kwa mkono wa kulia, ncha yake yenye kitambaa iguse nje ya rangi mbichi, mkono wa kushoto unakaa juu yake. Usinunue, mpini wowote ulionyooka wa urefu kama wa mkono wako unatosha, funga kitambaa laini mwishoni.